Kuonja Nako ni Kula

Nyinyi wanangu mnaonisoma mkiwa jikoni, wekeni mwiko chini kwanza. Si kwa heshima yangu. Nataka mkumbuke mara ya mwisho huo mwiko ulipogusa mdomo wenu. Kama hukumbuki, basi maneno haya nimekuandikia wewe.

Nimepika shughuli kwa miaka arobaini na kitu: harusi, maulidi, hitima, jando, na siku moja sherehe ya mtu aliyerudishiwa pikipiki yake iliyoibwa. Nyumbani ni Pande. Shule yangu ni darasa la saba, na mkono wangu kwenye karatasi ni mzito, kwa hiyo msinihimize. Barua hii nimeianza kabla ya korosho kudondoka na sasa watu wanapalilia.

Upishi niliuingia kwa sababu ya kuona haya. Nilipokuwa kijana nilishindwa hata kuuza ndizi. Mteja akiniuliza bei, natazama vidole vyangu vya miguu. Bi Somoe, mpishi mkubwa wa Pande enzi hizo, akaniona nimejibanza nyuma ya nyumba ya harusi, akaniita.

"Wewe, unamwogopa nani?"

"Watu, bibi."

"Basi njoo huku kwenye sufuria. Sufuria haina macho."

Nikaenda, na sikutoka tena. Moshi ni pazia zuri kwa mtu kama mimi. Wageni wanakula, wanasifu au wanasema, na wewe uko nyuma unasugua masizi.

Bi Somoe, Mungu amrehemu, alikuwa na mdomo mkali kuliko kisu chake cha vitunguu. Jambo lililonishangaza ni kwamba Ramadhani nzima alipika futari za misikiti bila kuonja, na chumvi haikukosea hata siku moja. Mimi nilifikiri ana dawa. Siku nilipothubutu kumuuliza, alicheka hadi kanga ikamdondoka.

"Dawa! Mtoto huyu! Dawa yangu ni jani la mgomba."

Akanionyesha. Kabla ya kuwasha moto alipima chumvi kwa kiganja chake, fungu moja kwa kila sufuria, akayaweka juu ya vipande vya jani la mgomba, kila kipande kando ya sufuria yake. Muda wa chumvi ukifika, anamimina. Jani likiwa tupu, chumvi imeingia. Hakuna haja ya ulimi.

"Ulimi ni kama mgeni," aliniambia. "Akifika asubuhi anaona kila kitu. Jioni ameshazoea, haoni hata nyoka. Mpishi anayeonja tangu alfajiri, sufuria yake ya tano lazima iwe chumvi tupu."

Hayo ni kweli, yapimeni wenyewe. Mimi niliyashika kila Ramadhani, na ikipita sikukuu ya Idi nayasahau. Miezi kumi na mmoja nilionja kama watu wote. Mimi na mafundi wenzangu tulikuwa na msemo wetu: kuonja si kula. Tuliusema tukifuta mafuta kwenye ndevu.

Sasa niruke miaka mingi, maana kilichonifanya nishike kalamu ni mkanda wa suruali.

Mkanda wangu ulikuwa na matundu matano. Nilipofika la mwisho, nikatoboa la sita kwa msumari wa moto. Nilipotaka kutoboa la saba, ngozi ikaisha. Mke wangu, Mama Zuhura, akaniangalia nikihangaika, akasema, "Baba Zuhura, tatizo si mkanda."

Wakati huo nilikuwa na kiu isiyoisha, na kila nikilala mchana naamka nimechoka kuliko nilivyolala. Akanipeleka zahanati. Nesi alikuwa binti mdogo, ananiamkia shikamoo huku ananichoma kidole. Alisoma kile kimashine, kisha akaniuliza.

"Baba, unakula mara ngapi kwa siku?"

"Mara mbili."

Nyuma yangu Mama Zuhura akakohoa.

"Mama, una kifua?"

"Hapana mwanangu. Nimepaliwa na hiyo mara mbili."

Nesi akacheka, lakini habari yenyewe haikuwa ya kuchekesha. Sukari yangu ilikuwa imepanda, haijafika pa kuanzishiwa vidonge, ila iko mlangoni inabisha hodi. Akanieleza kwa mfano ambao mtu wa huku anauelewa. Alisema ndani ya mwili kuna makuli, kama wale wa ghala la korosho. Chakula kikiingia, sukari inashuka kwenye damu kama magunia kwenye lori, na makuli wanaitwa wakayabebe kuyapeleka kunakotakiwa. Anayewaita ni kichocheo kiitwacho insulini.

"Sasa baba, malori yakija alfajiri, asubuhi, mchana, jioni na usiku bila kupumzika, makuli watafanya nini?"

"Watachoka."

"Watachoka, na mwisho hata wakiitwa hawaitiki. Magunia yanabaki barabarani. Ndiyo sukari yako hiyo."

Ushauri wake ulikuwa nifunge geti la ghala kwa saa nyingi kila siku. Nichague saa kama nane hivi za kula, zilizobaki nisiingize kitu ila maji, ili makuli wapumzike na magunia ya zamani yapate kubebwa. Alisema watu wengi wakifanya hivyo hupungua tumbo, sukari hutulia, na wengine hata presha. Lakini akaninyooshea kidole, binti yule, kama vile mimi ndiye mtoto. Si uchawi, alisema, na wataalamu bado wanalichunguza. Ukifungua geti ukala soda na mandazi, umefanya kazi bure. Na mwenye vidonge vya sukari au sindano asijaribu bila kuongea na watu wa zahanati kwanza, sukari inaweza kushuka ghafla akadondoka. Mama mjamzito naye aachane nalo.

"Mimi sina saa ya mkononi," nikamwambia.

"Una adhana," akanijibu.

Tukakubaliana: nile kati ya adhuhuri na isha. Nirudi baada ya miezi mitatu.

Njiani Mama Zuhura akaweka sharti lake. Hakupandisha sauti. Alisema, "Miezi mitatu. Sukari isiposhuka, zile sufuria zako tano nampa Athumani." Athumani ni fundi mwenzangu, tumepika pamoja tangu sote tuna nywele. Nikafikiri anatania. Kesho yake Athumani akapita nyumbani na kamba ya kupimia, anapima midomo ya sufuria.

"Unafanya nini?"

"Naangalia kama zitaenea stoo kwangu, ndugu yangu. Tuombe heri tu."

Wanangu, mimi bila sufuria ni nani? Ni yule kijana wa ndizi anayetazama vidole vya miguu. Nilitaka sukari ishuke kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote.

Mwezi wa kwanza nilikuwa mwaminifu. Isha ikilia nanawa mikono, basi. Asubuhi nakunywa maji. Majirani wakaanza: "Fundi, kwako Ramadhani imewahi?" Wengine wakasema mke wangu ananinyima. Nikavumilia, hata njaa ya asubuhi ikazoeleka. Inakuja, inapiga kelele kama jogoo, isipojibiwa inaondoka. Nikapita zahanati kupima nikiwa na kifua mbele.

Haijashuka kitu.

Nesi akaniuliza tena kwa upole: "Baba, hakuna kinachoingia kabla ya adhuhuri?"

"Wallahi hakuna. Naonja tu kazini."

Nilisema hivyo bila aibu kabisa. Mama Zuhura hakukohoa safari hii. Alikaza fundo la kanga yake, akatangulia mlangoni.

Ijumaa iliyofuata nilikuwa na maulidi hapo hapo Pande. Akaja na bakuli kubwa la bati lenye mfuniko, akaketi kwenye kigoda pembeni yangu tangu alfajiri, anachambua mchele. Nikafikiri ameniletea bakuli la kuwekea vitunguu. Sikujua kwamba kila nilipoonja, naye anachota kiasi kile kile na kukitia bakulini.

Adhuhuri ilipolia akaniita mbele ya Athumani na wapishi wote, akafunua.

Ndani mlikuwa na uji wa mchele wa alfajiri, na supu, na tui, na vipande vya nyama visivyopungua saba, na wali wa sufuria nne, na juu yake kaimati tatu zimelowa shira. Bakuli lilikuwa linamwagika.

"Haya," akasema. "Hiki ndicho ambacho hukula asubuhi ya leo."

Athumani alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akatazama tumbo lake mwenyewe akaacha kucheka.

Kumbe mimi sikuwa na saa za kufunga hata moja siku za kazi. Makuli wangu walikuwa wanaitwa kwa kijiko, lakini wanaitwa, tangu nyota hazijazama. Nikafanya hesabu ya kichwa: Ramadhani ndiyo pekee niliyopika bila kuonja. Na hata Ramadhani nilinenepa, maana ikifika magharibi niliivamia futari kama mtu anayezima moto wa nyumba: tambi, mihogo ya nazi, maharage, kaimati, kisha naamka kula daku. Elimu ya Bi Somoe ilikuwa kichwani mwangu muda wote, nimeifungia kama nguo za Idi.

Siku ile ile nikaenda kukata jani la mgomba.

Sasa sikilizeni habari ya harusi ya kijijini Tingi, maana huko ndiko nilikojua kwamba hata jani lina ujinga wake.

Ilikuwa harusi kubwa, pilau yangu ya kwanza tangu nianze kutumia jani, wiki moja kabla ya miezi mitatu kutimia. Tulikwenda kwa kenta, mimi, Athumani na Mama Zuhura, na sufuria tano zinagongana nyuma kama ngoma. Pilau ilitakiwa iwe tayari watu wakitoka kuswali adhuhuri. Nikapima chumvi, nikaweka majani matano kando ya sufuria tano, nikaanza kazi mdomo umefungwa.

Bibi harusi alikuwa na shangazi, mwanamke mnene wa sauti, kanga mpya, macho kila mahali. Alitukagua tangu tunaosha mchele. Kufika kama saa tano, pilau imeshakauka maji, tunataka kuipalia makaa juu, akanijia.

"Fundi, nimekuangalia tangu asubuhi. Huonji."

"Ndiyo, dada."

"Kwa nini?"

Haya zangu za ujana zikanirudia zote. Nikatazama vidole vya miguu. Ningemwambia nini? Makuli? Ghala la korosho?

"Ana mpango wake," Athumani akanisaidia.

"Mpango gani! Mpishi anayekwepa sufuria yake ana jambo. Sisi tuna wageni mia tatu hapa, halafu aliyepika mwenyewe anaiogopa?" Akageukia wenziwe. "Njooni muone!"

Wakaja. Wanawake kama kumi, na wazee wawili waliokuwa wamekaa kwenye mkeka. Shangazi akafunua sufuria ya kwanza, akachota kijiko kimejaa, kinatoa moshi, akakileta mbele ya pua yangu.

"Onja."

Nawaambia kweli, nilikipokea. Kijiko kimoja, nilijiambia, kitanidhuru nini? Makuli watasinzia tena baadaye. Ninyamazishe watu, niishi kwa amani. Nilitazama pembeni ili nisikutane na macho ya Mama Zuhura, na hapo ndipo nilipomwona mbuzi.

Alikuwa mbuzi jike mweupe, amefungwa kamba ndefu kwenye mti wa ua, na alikuwa anakunywa maji kwenye karai letu la kuoshea vyombo. Hakuwa anakunywa kama mbuzi. Alikuwa anakunywa kama lori lililochemsha rejeta. Anainua kichwa, anahema, anarudi tena.

Nikarudisha kijiko kwenye sahani.

"Athumani," nikasema, "chumvi ya sufuria ya tatu ulimimina wewe?"

"Aa. Nilikuta jani tupu, nikajua umemimina wewe."

"Na mimi nilikuta jani tupu, nikajua ni wewe."

Tukatazama jani la sufuria ya tatu, iliyokuwa karibu na ule mti kuliko zote. Lilikuwa tupu kweli, tena limelambwa linang'aa. Tukamtazama mbuzi.

Shangazi alikuwa bado ameshika kiuno. "Unaonja au huonji?"

Nikachota kijiko kutoka sufuria ya tatu, nikampa yeye. "Onja wewe, dada."

Akaonja. Uso ukamkunjamana. "Hii haina chumvi!"

"Najua."

"Umejuaje na hujaonja?"

Mimi ni mtu wa haya, sikuweza kuhutubia. Nikanyoosha mwiko kumwelekeza kwenye karai. Mbuzi akainua kichwa, ndevu zinachuruzika, akapiga mbweu kubwa. Mzee mmoja wa mkekani ndiye aliyeelewa wa kwanza, akacheka hadi kofia ikamtoka, na wengine wakafuata, na shangazi mwenyewe akashindwa kujizuia.

Tuliiokoa. Shikeni na hili: pilau iliyokauka bila chumvi usiitupie chumvi kavu, itakaa mahali pamoja. Yeyusha kwenye supu ya moto kidogo uliyobakiza, nyunyiza kuzunguka, geuza kutoka chini mara tatu tu, funika, palia makaa juu. Na jani ulilomimina, litupe motoni hapo hapo, lisibaki chini likadanganya watu wawili wazima. Bi Somoe hakuniambia hilo. Nadhani kwake hapakuwa na mbuzi.

Mtasema, fundi, ungeonja toka mwanzo si ungejua? Nimeliwaza sana. Kijiko alichonipa shangazi kilitoka sufuria ya kwanza, na ile ilikuwa sawa kabisa. Ningeonja, ningesema imekaa vizuri, na wageni wa sufuria ya tatu wangekula udongo.

Adhuhuri ikaswaliwa, watu wakala, hakuna aliyelalamika. Nami saa zangu zikawa zimefunguka. Shangazi akaniletea sahani kwa mkono wake, nikaketi juu ya kigoda nikala pilau yangu mwenyewe. Wanangu, miaka thelathini na kitu nilikuwa sijawahi kuila nikiwa na njaa. Siku zote ilipofika saa ya kula nilikuwa nimeshiba vijiko, nasukuma sahani pembeni. Safari hii ulimi ulikuwa mgeni aliyefika asubuhi, anaona kila kitu. Nikatafuna. Nikasita. Nikatafuna tena. Kuna jambo nikalihisi, ila nikaona haya kuuliza, nikamaliza sahani.

Wiki iliyofuata nesi akanichoma kidole, akasoma kimashine, akakisoma tena, akamwonyesha Mama Zuhura badala ya kunionyesha mimi. Ilikuwa imeshuka. Vidonge sikuanza. Akasema nisiringe, niendelee, na niwe narudi kupima, maana sukari ni kama mgeni anayejua njia. Mkanda nao ulikuwa umerudi tundu la nne. Niliendelea na kazi miaka mingine mingi, hadi mgongo ulipokataa kuinama, na sufuria zile mnazozitumia leo Athumani hakuzipata.

Lakini siku ile ya majibu, tukitembea kurudi nyumbani, nilikusanya ushujaa wangu wote.

"Mama Zuhura."

"Abee."

"Ile pilau yangu ya Tingi. Karafuu hazikuzidi?"

Akasimama katikati ya njia.

"Umejua leo?"

"Zilizidi tangu harusi ile?"

"Tangu harusi yetu."

"Na watu wote hawa, miaka yote hii, hakuna aliyeniambia!"

"Nani angekuambia, Baba Zuhura? Kila ukileta sahani unatazama vidole vya miguu. Tulikuonea huruma, tukala."

Tukashika njia tena. Nikamuuliza lile nililotaka kujua tangu zahanati: "Kwa hiyo sufuria?"

"Sufuria zibaki," akasema. "Karafuu ndizo ziende kwa Athumani."